Siku za Kabla ya Meli na Siku za Baada

Nimestaafu, sijafa, kwa hiyo acheni kuniambia kila mkija hapa kwangu kwamba siku hizi safari nzima imo ndani ya simu. Najua. Simu ninayo, na mjukuu wangu amenitilia kila kitu. Lakini simu haimtazami mtu usoni. Mimi nilikaa miaka chungu nzima nyuma ya meza katika duka la tiketi pale Hounslow, London, ndege zikitupita juu ya paa mpaka vikombe vinatikisika, na kazi yangu kubwa haikuwa kukata tiketi. Kazi yangu ilikuwa kuwatoa watu siri zao kwa upole, na upole ukishindikana, kwa ukali.

Basi nyinyi mnaotaka kuishika kazi hii, au mnaotaka tu kuwapeleka wazee wenu Ulaya wakapande meli ya matembezi, vuteni viti. Sitawasomesha kwa mpangilio, maana sina mpangilio. Nitasema linalonijia.

Aliyenifundisha mimi alikuwa Mzee Karim, Mhindi wa Kisumu, mwenye duka. Alikuwa akija kutoka Queensbury kila siku na chakula chake kwenye kopo, na Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, kifupi, hakina salamu ya pili. Siku yangu ya kwanza alinionyesha kiti, akaniambia, "Zuhura, ndege ya asubuhi na meli ya jioni hawajuani. Usiwaoze."

Sikumwelewa mpaka nilipoyaona. Kulikuwa na mume na mke wanaokaa Barking, asili yao watu wa Nakuru, wauguzi wote wawili, waliobishana naye wee mpaka wakashinda. Walitaka waruke London asubuhi na wapande meli Barcelona jioni ile ile, kwa sababu zamu zao haziwaachii siku ya ziada. Ukungu ukashuka London, ndege ikakaa, wao wakafika bandarini na watoto wao wanne wakaiona meli yao inakwenda zake. Ndege ikichelewa, meli haina habari. Tangu siku hiyo mteja akiniambia hana nafasi ya kulala usiku mmoja mjini kabla ya meli, namwambia basi hana nafasi ya meli.

Kwa hiyo siku za kabla ni za kufika. Mnafika, mnalala, mnatafuta sanduku lililopotea kama limepotea, watoto wanacheza, bibi anapumzisha miguu. Msipange makubwa. Siku za baada ndizo za kutembea, kwa sababu baada ya meli hakuna kinachowakimbia isipokuwa ndege ya kurudi. Na mjue ramani. Watu wengi wakisoma kwamba meli itatia nanga Roma wanadhani watashuka na kuuona mji. Subutu! Roma iko mbali na bandari yake, kuna treni ya zaidi ya saa nzima, na bibi yako na magoti yake hataki kusikia hadithi hiyo akiwa ameshashuka ngazi.

Jingine, ulizeni idadi ya watu mara mbili. Watu wetu wakikwambia "sisi ni familia tu," usiandike watu wanne. Nilikwisha andika wanne, wakaja kulipia watu kumi na mmoja, maana shemeji naye kasikia, na mama wa shemeji hawezi kuachwa peke yake, na kuna binti wa jirani ambaye ni kama mtoto wao. Vyumba vya meli havipanuki kama sebule ya kwenu. Nani analala na nani, hilo mlimalize dukani, si mlangoni mwa chumba.

Na pasi za kupigia nguo! Wallahi, pasi zimenitesa. Meli haikuruhusu kuingia na pasi wala birika la umeme, wanaogopa moto, wanakunyang'anya getini na kukurudishia siku ya kushuka. Sasa mwambie mwanamume wa Mombasa kwamba atavaa kanzu isiyopigwa pasi siku ya Ijumaa. Mmoja alinipigia simu kutoka bandarini kana kwamba mimi ndiye niliyemnyang'anya. Nikamwambia, "Mjomba, humo ndani kuna dobi." Akasema, "Dobi wa Kizungu anajua kanzu?" Akapewa kanzu yake imekunjwa vizuri kuliko ya mkewe, na mkewe ndiye aliyenihadithia.

Nawapa na hili la mwisho wa safari kabla sijasahau. Siku ya mwisho wanakutaka uweke masanduku nje ya mlango tangu jioni, wayachukue, uyakute chini bandarini. Ubakishe nguo ya kushukia! Kuna mzee mmoja, namsitiri jina, aliweka nje kila alichokuwa nacho, akalala na kikoi. Asubuhi akashuka Barcelona na kikoi kile kile na viatu vya ngozi, kifua wazi, mkewe akitembea mbele kwa mbali kana kwamba hamjui. Tulicheka dukani mpaka Mzee Karim akavua miwani.

Lakini funzo lake kubwa Mzee Karim halikuwa la pasi wala masanduku. Lilikuwa swali. Alikuwa akimaliza kuandika kila kitu, kalamu ameshaiweka chini, ndipo anapoinama na kuuliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekuwa amesahau, "Na huko, iko mtu?" Maana watu wetu hawaendi mahali hivi hivi. Mtu anakwambia anakwenda kutazama majengo ya kale, kumbe kuna dada, kuna mchumba, kuna kaburi. Na mtu akiwepo, safari yote inabadilika. Majengo yanaweza kukosekana yakaonwa mwaka mwingine. Mtu siyo.

Basi sikilizeni yaliyonikuta, na haya si ya zamani, ni ya juzi tu, mwaka wangu wa mwisho kazini.

Alikuja Saidi, kijana wa Kizanzibari anayefanya kazi ya mizigo pale uwanja wa ndege, na mkewe Lulu, na binti yao Rahma wa miaka kumi na tatu, na mama yake Saidi, Bi Mwanakheri. Bibi mwembamba, macho makali, mtandio wake hauendi kombo. Walitaka meli inayozunguka kutoka Barcelona: Italia, visiwa, na siku ya mwisho Marseille, halafu inarudi Barcelona. Siku mbili kabla na siku tatu baada. Rahma alikuwa na lake moja, kuutembelea uwanja wa mpira wa Barcelona, na hilo tukaliweka siku za baada. Mtoto alinishukuru kwa Kiingereza. Kiswahili anakisikia chote, ila ulimi wake hautaki.

Kazi ilikuwa kwa Bi Mwanakheri. Wenzake wote wana pasipoti za Kiingereza, yeye ana ya Tanzania, na kila nikimwuliza kwa nini hakubadilisha ananijibu, "Nibadilishe ili nini, nizikwe na ya watu?" Kwa hiyo yeye alihitaji viza, na viza ina siku zake zilizohesabiwa, ukizidisha umejiharibia. Siku ile meli inarudi Barcelona alikuwa amebakiwa na zile siku tatu za baada, basi. Nikapanga nikapangua, viza ikatoka.

Na niliuliza. Nawaapia niliuliza. Nikaweka kalamu chini kama nilivyofundishwa, nikamtazama bibi. "Na huko, Mama, mna mtu yeyote?"

Saidi akatazama viatu. Lulu akatazama dirishani. Bi Mwanakheri akanitazama mimi sawasawa, akasema, "Hatuna. Twaenda kutembea tu."

Nikajua ananificha. Nyinyi mliozaliwa hapa huenda hamlijui hili, lakini kwetu safari haitangazwi. Mama yangu mwenyewe alikuwa akisafiri kwenda Lamu majirani wakidhani yumo ndani anaumwa. Ukisema unakwenda, macho yatakwenda nawe, na jicho la watu linavunja chungu. Unatoka kimya, unafika, ukirudi salama ndipo unasema. Sasa mimi ni mtu wa dukani, na nyuma ya bibi yule kulikuwa na foleni ya watu masikio wazi. Ningefanyaje? Nikawakatia tiketi.

Siku zikapita. Asubuhi moja dukani simu ikalia, ni Saidi, anapiga kwa intaneti ya meli, sauti inakatika katika.

"Shangazi Zuhura, meli haiingii Marseille."

"Kwa nini?"

"Upepo. Nahodha ametangaza ni mkali, hawezi kuingia bandarini. Tulishauona mji, Shangazi, majumba tunayaona! Halafu meli ikageuka. Tunakaa baharini mpaka kesho Barcelona."

Nikamwambia pole, hutokea, nahodha ana haki hiyo na hakuna wa kumshtaki, nendeni mkaogelee kwenye bwawa. Nikamsikia anapumua. Mwanamume mzima, analia.

"Saidi, kuna nini? Nipe mama yako."

Simu ikabadilisha mikono. Kisha nikamsikia bibi, sauti imekuwa ndogo, siyo ile ya dukani. "Zuhura mwanangu. Kule nina kaka."

Lo! Niliinuka kitini. Akanieleza kwa mkato. Kaka yake mkubwa, Abdalla, tumbo moja baba mmoja. Wao asili yao ni Ngazija. Kijana yule aliondoka Unguja na kazi ya ubaharia, akashukia Marseille kwa Wangazija wenzake wa huko na hakurudi tena. Yeye Bi Mwanakheri alikuwa msichana siku hiyo. Wakawa wa barua, kisha wa simu, kila mwaka ni mwaka kesho, mara watoto, mara karatasi, mara kazi. Sasa kaka amepigwa na kiharusi, anatembea kwa gongo, yuko ghorofa ya juu na hashuki. Safari yote ile ya meli, na Italia yake na visiwa vyake, ilikuwa kifuniko cha chungu. Ndani mlikuwa na siku moja tu ya Marseille. Na kaka mwenyewe hakuambiwa! Dada mtu alikuwa atokee tu mlangoni.

Nikakasirika, wanangu. Nilimpenda na nilikasirika. "Mama, nilikuuliza!" nikamwambia. "Nilikuuliza kwa mdomo wangu! Ungeniambia kuna kaka mgonjwa, ningekupeleka Marseille kwanza, siku za kabla, ukamwona, ukakaa naye, ndipo upande hilo limeli lako. Kitu cha roho hakiwekwi kwenye siku moja ya bandarini, bandari inaweza kurukwa! Mficha uchi hazai, Mama!"

"Nimekoma," akasema. Mzee kama yule kuniambia mimi nimekoma. Hasira ikanitoka yote, nikakaa chini nikavuta kompyuta.

Siku tatu za baada zilikuwepo. Hapo ndipo mtu wa kazi hii anapoona faida ya kuacha nafasi. Toka Barcelona kuna treni inayokwenda mpaka Marseille bila kubadilisha, inakula nusu ya siku lakini inafika. Wakishuka melini asubuhi wakaipata, jioni wako kwa kaka. Ndege ya kurudi London waichukue Marseille siku ile ile ya mwisho ya viza, wasirudi Barcelona kabisa. Viti vilikuwepo, havikukaa pamoja, lakini vilikuwepo. Ila uwanja wa mpira wa Rahma umekufa. Nikamwambia Saidi amwulize mtoto kabla sijagusa kitu, maana lile nalo lilikuwa ahadi. Nikamsikia binti mwenyewe akijibu kwa Kiingereza chake kwamba uwanja hauna kiharusi. Nikasema haya, huyu ni mjukuu wa bibi yake.

Nikabakiza moja. "Mama, sikati tiketi mpaka umpigie kaka yako simu."

"Nitamwambia nikifika, Zuhura. Tusiseme mapema, tayari upepo umetuona."

"Upepo haukukuona. Upepo ni upepo. Mpigie, mimi nangoja."

Yaliyofuata nimehadithiwa na Saidi, aliyekuwa amekaa kitandani chumbani kwao ameshika simu ili isikatike.

"Kaka, ni mimi."

"Kheri! Uko wapi? Mbona kuna kelele?"

"Niko baharini."

Mzee akauliza pole pole, "Baharini wapi?"

"Hapa kwenu. Nilikuwa nije kwako leo. Meli imekataa kuingia."

"Meli ipi? Ile kubwa nyeupe?"

"Mie nitajuaje rangi yake, nami nimo ndani?"

Saidi anasema mjomba wake alicheka, halafu kicheko kikageuka kikawa kilio, akawa anasema maneno hayashikani. Kumbe yule mzee kazi yake kila asubuhi ni kukaa dirishani na chai yake kuhesabu meli, ubaharia haujamtoka. Na asubuhi ile aliiona. Aliiona inakuja, akaiona inageuka, akamwambia jirani yake, masikini abiria wale, wameukosa mji.

"Ungeniambia, Kheri," akasema. "Upepo huu tunao tangu juzi, hapa hata nguo hatuaniki. Ningekwambia usiitegemee meli. Na kesho asubuhi mwanangu ananijia kunipeleka Lyon, kuna hospitali wamenipa nafasi. Ungekuja kesho ungekuta kufuli."

Mnaona? Kama ningekata zile tiketi kimya kimya kwa kuheshimu siri, wangefika Marseille jioni ya kesho yake na masanduku yao wakagonga mlango usio na mtu, na viza inakwisha. Mzee akampigia binti yake, ile nafasi ya hospitali ikasogezwa mbele siku chache. Nami nikakata tiketi.

Wakafika. Lifti ya jengo lile ilikuwa mbovu, Bi Mwanakheri akapanda ngazi zote kwa miguu yake na hakukubali kushikwa. Kaka alikuwa amesimama mlangoni na gongo lake, kanzu imepigwa pasi imenyooka. Wakatazamana. Kaka akasema, "Umezeeka." Bibi akasema, "Na wewe umepungua." Ndipo wakashikana, na Lulu akamvuta mumewe na mtoto jikoni wakawaacha. Siku mbili walizobakiwa nazo hawakuuona mji wala bahari. Walikaa dirishani wakabishana juu ya mbuzi wa baba yao, nani aliyemwachia kamba. Rahma akatumwa mkate, akaenda kuununua kwa Kifaransa cha shuleni, akarudi anasema mjomba-babu wake anaelewa Kiingereza chake chote na anamjibu kwa Kiswahili, sawa na nyumbani.

Nataka mlishike hili la kazi, maana machozi yenu yatakauka na bado mtakuwa mna safari ya kupanga. Cha roho kiwekeni kabla ya meli, mpate siku mbili tatu za kukifikia hata mambo yakiharibika. Cha kufurahisha kiwekeni melini. Siku za baada ziacheni na nafasi ndani yake, msizijaze mpaka pomoni, kwa sababu hizo ndizo zitakazowaokoa. Na ulizeni kama kuna mtu. Wakikataa, funga mlango, toa foleni nje, uliza tena.

Mimi niliuliza mara moja tu, kwa sauti, mbele za watu. Mzee Karim alikuwa akiinama. Sasa najua kwa nini alikuwa akiinama.

Wiki chache kabla sijastaafu, duka limejaa, Jumamosi, watoto wanalia, mlango ukafunguliwa akaingia Bi Mwanakheri peke yake. Hakupanga foleni. Wala hakunijia karibu. Nikainuka upesi nikamfungulia kile chumba cha nyuma, nikamwambia, "Pita huku, Mama, tuzungumze." Nimejifunza, bwana.

Akabaki pale pale katikati ya duka, akaweka pochi yake juu ya meza, akapaza sauti mpaka yule mwenye duka la simu la jirani akachungulia.

"Sipiti popote. Zuhura, nikatie tiketi ya Marseille, mwezi ujao. Kule nina kaka. Na anayetaka kunionea kijicho na anionee, mimi nakwenda."